Chumba 312: shajara ya siku 60 za kwanza bwenini Osaka

Kabla sijaanza

Siku hizi 60 nimeamua kuziita mradi maana nikiziacha hivi hivi ntaishia kumlilia mama kwenye simu kila siku. Mi ni mwanafunzi wa kubadilishana, natoka chuo cha Dar, nakaa mwaka mmoja hapa kaskazini mwa Osaka, bweni lenyewe liko Toyonaka. Lengo ni moja tu, ndani ya siku 60 chumba 312 kiwe pahala pa kuishi na sio pa kulala na kuondoka. Kipimo nimekitoa nyumbani Tanga: siku ntakayopika pilau nikapeleka sahani kwa majirani na sahani zikarudi zina kitu ndani, hapo ntajua nimehamia. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama una maembe mawili tu unaweka.

Naandika pia kwa ajili ya wadogo zangu mtakaokuja mwakani, maana mi nilitafuta kitu cha hivi kwa Kiswahili sikukiona.

Siku ya 1

Nimetua Kansai jioni. Uwanja umejengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa baharini, ukichungulia dirishani unaona ndege inashukia majini kabisa, dakika ya mwisho ndo lami inatokea. Pale pale uhamiaji wakanipa kadi ya ukaazi, wanaiita zairyu kado, na nikajaza fomu ya kibali cha vibarua, mwanafunzi anaruhusiwa mpaka saa 28 kwa wiki. Hiyo fomu ijazeni uwanjani, ukiiacha utaifuata mwenyewe ofisi ya uhamiaji mjini na foleni yake.

Bwenini nimefika saa nne usiku. Msimamizi wa bweni, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa amekaa ananisubiri na taa ya getini inawaka. Nikavua viatu mlangoni kabla hajaniambia, akatabasamu akainamisha kichwa. Hilo sikufundishwa na mtu, nyumbani kwa bibi hakuna anayevuka kizingiti na viatu, na hapa kuna shubaka la viatu lenye namba ya chumba chako kabisa na ndala za kuvaa ndani.

Chumba kina kitanda cha mbao kisicho na godoro, meza, kiti, kabati na baraza ya nje ya kusimama mtu mmoja na nusu. Futon, yaani godoro la kukunja, na shuka nimekodi kwa mwezi. Nilipoenda form five nilibeba tranka, ndoo mbili, fagio la chelewa na jembe, tukalala arobaini bweni moja, usiku ukikohoa unapewa pole na watu watatu. Humu nipo peke yangu na ukimya unasikika. Nimefungua begi nikatoa mwiko nikaulaza mezani, sikuwa na kingine cha kuweka.

Siku ya 2

Septemba inaisha ila joto ni la Dar mwezi wa pili. Kiyoyozi kipo, rimoti ina maandishi ya Kijapani matupu, nikabonyeza kitufe cha rangi ya chungwa kikaanza kupuliza moto, nikakaa nao karibu nusu saa nikidhani ndo kinajipanga. Mzee msimamizi akanionyesha: reibo ni baridi, danbo ni joto, teishi ni kuzima. Nimeandika kwenye vikaratasi nimebandika juu ya vitufe.

Umeme wa hapa ni volti 100 na plagi ni ya miguu miwili bapa. Chaja ya simu na kompyuta hazina shida, zinakubali kuanzia 100 mpaka 240, unahitaji adapta tu. Ila ile hita yangu ya kuchemshia maji ya kuoga ya tangu Mabibo hosteli nimeibeba bure, imetengenezwa kwa volti 230 na kwenye 100 haifikishi hata robo ya nguvu yake. Maji yamekaa vuguvugu mpaka nikachoka. Msibebe kitu chochote cha kupasha moto, hiyo kilo wekeni iliki na mdalasini.

Siku ya 4

Leo ndo siku nimepumua. Bweni huwa linampa kila mgeni mwanafunzi mwenyeji wa kumsaidia, wanamuita chuta, na wangu anasoma Kiswahili. Sio kozi ya jioni jamani, Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili kama shahada kamili, mtu anaingia mwaka wa kwanza hajui hata jambo anatoka anasoma mashairi. Alinikuta pale chini kwenye viti, akasimama wima, akasema "Shikamoo dada, habari za safari?" Nikaitikia marahaba kabla sijafikiria, na kumbe tumezidiana miezi minne tu. Sikujua kama neno moja linaweza kukushika koo hivyo. Siku nne nzima nilikuwa sijaamkiwa na mtu.

Tukaenda wote manispaa. Sasa hapa ndo nataka mnielewe vizuri. Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda kuandikisha anuani, wanaichapa nyuma ya ile kadi, na bila hiyo anuani huwezi kupata kitu kingine chochote, sio laini ya simu wala akaunti ya benki. Kwa hiyo msianze na kutalii. Hapo hapo unaingia bima ya afya ya taifa, ukienda hospitali unalipa asilimia 30 na bima inabeba iliyobaki, na kama umetimiza miaka 20 wanakuandikisha pensheni pia, usishtuke, mwanafunzi unajaza fomu ya kuomba kuahirishiwa malipo na wao wenyewe wanakupa hiyo fomu ukiuliza.

Kwenye fomu zao kuna kisehemu cha kuandika jina linavyosomeka kwa herufi za katakana. Mi naitwa Mwanahamisi. Hawana "mwa" wala "si" ya kwetu, "si" yao inasomeka "shi", kwa hiyo yule dada wa dirishani akaandika taratibu, herufi kwa herufi, Mu-wa-na-ha-mi-shi. Chuta wangu akasoma kwa sauti akanigeukia, "Mwana-hamishi. Dada, kweli umehamishwa." Nimecheka mpaka nikatoka machozi, mtu wa kunichezea neno kwa lugha yangu nimempata kilomita elfu kumi na zaidi kutoka nyumbani.

Siku ya 6

Jiko la pamoja liko mwisho wa korido. Meza ndefu, viti kumi, friji tatu zenye rafu za namba za vyumba, na majiko yote ni yale ya kioo ya IH, hayana moto wala waya unaowaka. Nimeweka sufuria yangu ya Kariakoo, ile nyepesi ya alumini, nikawasha, jiko likalia tii tii tii likazima. Nikarudia likalia tena. Jirani wa 309, dada wa Kivietinamu, akaja akachukua sumaku iliyokuwa imeshika karatasi kwenye friji akaigusisha kwenye sufuria yangu, ikaanguka. Akaigusisha kwenye ya kwake, ikanasa. Hakusema neno nami nikaelewa kila kitu. Jiko la IH linapasha chuma chenyewe kwa usumaku, sasa alumini tupu haishiki.

Masufuria ya bweni yapo lakini yamepikiwa nguruwe na mi situmii, na sikutaka kumueleza mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo bajeti ya wiki imekwenda kwenye sufuria moja yenye alama ya IH na kikaango kidogo. Sahani, vikombe, kisu na ubao wa kukatia nimechukua duka la yen 100, ukiweka na kodi kila kimoja yen 110. Vitu vya pale ni imara kuliko bei yake, msidharau.

Nimejifunza herufi mbili kabla ya zote, ya nguruwe na ya pombe. Nazitafuta nyuma ya kila pakiti dukani, hata kwenye tambi na supu ya unga zipo.

Siku ya 9

Nimerudishiwa taka.

Nilitoa mfuko wangu asubuhi kama wengine, jioni nikaukuta peke yake pale kwenye kizimba cha taka umebandikwa karatasi ya njano. Wengine wote yao imechukuliwa. Nilisimama pale nikajisikia vibaya sana, mimi nimelelewa nyumba ya kufagia uwanja kabla jua halijatoka, na sasa taka zangu zinatazamwa na kila anayepita.

Mzee msimamizi akanikuta. Hakunikaripia. Akavaa glovu, akafungua mfuko wangu pale pale chini, akatoa chupa ya maji ya plastiki. Akafungua kizibo akakiweka kulia. Akashika ile lebo kwa ukucha wa kidole gumba, kuna mstari wa vitobo vidogo ambao sikuwahi kuuona maishani, akauvuta lebo ikachanika yote kwa mkupuo mmoja, akaiweka pamoja na kizibo. Chupa akaisuuza bombani, akaikanyaga, akaiweka kushoto. Kisha akanipa ya pili mimi. Tulifanya chupa sita bila kuongea, mwisho akasema neno moja tu la kunisifia. Kizibo na lebo vinaenda na plastiki, chupa inaenda na chupa zenzake, mabaki ya chakula na karatasi chafu vinaenda na taka za kuchoma, na kila aina ina siku yake. Ratiba nimeipiga picha nimeiweka kwenye kioo cha simu.

Siku ya 12

Jaribio la kwanza la ugali, limeshindwa. Supamaketi nilikuta pakiti nyeupe ina picha ya mahindi, unga laini kama wa sembe ya daraja la kwanza, nikafurahi peke yangu kwenye korido ya duka. Maji yamechemka, nikamimina, nikaanza kusonga, na ndani ya sekunde chache sufuria nzima ikageuka kitu cha kung'aa kinachovutika kama gundi ya fundi viatu, mwiko unasimama wenyewe katikati. Kumbe ni wanga wa mahindi, ule wa kufanya mchuzi uwe mzito. Nimekula mchicha wa kopo na mkate.

Siku ya 13 mpaka ya 21, simu na benki

Nimeziunganisha kwa sababu zilikuwa siku moja ndefu. Benki wanataka namba ya simu ya Kijapani, kampuni ya simu wanataka akaunti ya benki au kadi ya mkopo ya kukata bili. Unaenda huku unarudishwa kule. Mlango wa kutokea ni huu: tafuta laini ya kampuni inayokubali ulipie dukani kwa fedha taslimu, upate namba, ndo uende benki. Na benki nyingi hazimpokei mgeni ambaye hajatimiza miezi sita nchini, ulizeni bwenini waliotangulia walifungua wapi, msipoteze nauli kama mimi.

Nikapata laini, nikaenda benki moja nikajaza fomu kurasa tatu, nikasubiri. Wiki moja baadae barua, maombi yamekataliwa. Sababu haikuandikwa. Nilihisi kama nimeambiwa mimi ni mwizi. Chuta akapiga simu akaongea kwa upole dakika ishirini, ndo ikajulikana: manispaa wameniandika Muwanahamishi, kwenye fomu ya benki nilisaidiwa na mtu mwingine akaandika kwa herufi tofauti kidogo ile "si" ya mwisho, na mfuatano wa majina matatu haukufanana na kadi. Kwao hao ni watu wawili. Nikarudi nikajaza upya nikinakili herufi moja moja, nikapata akaunti.

Kwa hiyo siku mnayoandikishwa manispaa, ile katakana yenu ipigeni picha, na kuanzia hapo muiandike vile vile kila mahali mpaka mnaondoka, hata kama walikosea. Jina langu nimelipenda hivyo hivyo sasa.

Wiki hii mtaa mzima unanukia. Kuna miti ya kichaka yenye maua madogo ya rangi ya chungwa, wanaita kinmokusei, harufu inakuja kabla hujauona mti wenyewe. Inanikumbusha kikuba cha shangazi siku ya harusi, nilisimama njiani na mkoba wa mafaili nikavuta pumzi.

Siku ya 24

Leo inaniuma, naiandika kama ilivyo.

Jikoni imebandikwa karatasi kwa Kijapani na Kiingereza, kwamba wakazi wote wanaombwa kutozungumza kwa sauti kwenye simu baada ya saa nne usiku. Wakazi wote. Ila ghorofa ya tatu mtu anayeongea na simu saa nne usiku ni mimi. Saa nne ya huku ni saa kumi jioni Tanga, mama anakuwa amefunga biashara sokoni, na mama ukiongea nae kwa kunong'ona anadhani unaumwa, anapandisha sauti na we unapandisha. Mtu amenisikia wiki tatu, hakugonga mlango, hakuniambia "dada punguza kidogo," amepeleka ofisini, ofisi imeandika karatasi, karatasi imesema wote. Nililala nikiwaza ni nani. Asubuhi kila niliyepishana nae kwenye ngazi nilimuangalia usoni.

Chuta anasema huku kumwambia mtu ana kwa ana ndo kumuaibisha, karatasi ya wote ni heshima, inakuachia ujirekebishe bila mtu kujua. Nimemsikiliza na naamini anachosema. Lakini kwangu heshima ni mtu kunigongea. Yote mawili nayaweka hapa, sijamaliza kuyafikiria.

Nilichobadilisha: naongea na mama Jumamosi saa nane mchana, kwake ni saa mbili asubuhi, nashuka nakaa kwenye benchi karibu na baiskeli. Ndege za kutua uwanja wa Itami zinapita chini chini kiasi unasoma maandishi ubavuni, na baada ya saa tatu usiku hamna tena, uwanja unafungwa mpaka saa moja asubuhi. Mama akizisikia anauliza "unasafiri tena?"

Siku ya 31

Nimeenda Kobe. Unapanda treni ya Hankyu kituo cha Ishibashi, unabadilisha Juso, unashuka Sannomiya, hata saa nzima haifiki. Pale juu mtaa wa Kitano kuna msikiti wa kwanza kujengwa Japani, ulifunguliwa 1935, ulipita salama kwenye mabomu ya 1945 na kwenye tetemeko kubwa la 1995 lililobomoa mji. Nimeswali adhuhuri upande wa kina mama juu, kulikuwa na mama mmoja wa Kiindonesia na watoto wake, akanisogezea tende bila kuuliza natoka wapi.

Karibu na hapo kuna maduka ya vyakula halali. Nimetoka na nyama ya ng'ombe iliyogandishwa, basmati kilo tano, bizari nzima, tui la kopo, na mfuko wa unga wa mahindi wa Kipakistani, wa njano. Nimeubeba mapajani njia nzima kama mtoto.

Siku ya 33

Ugali umekubali! Wa njano, wa chenga kidogo, unahitaji kusongwa mda mrefu kuliko sembe na moto uwe mdogo, IH naiweka namba tatu. Mwiko kutoka Tanga, sufuria ya Osaka, unga wa Lahore au popote walikousaga. Nikampigia mama video nikamuonyesha, akacheka kwa sauti ambayo ingeniletea karatasi nyingine, "Huo si ugali wa yanga! Ndo tulikula miaka ya themanini chakula kilipoadimika, tulikuwa hatuupendi, na leo mwanangu unaringia!" Halafu akanyamaza kidogo akaniuliza unakula na nani. Nikamwambia peke yangu. Akasema haya, kula basi ushibe.

Siku ya 38

Tetemeko dogo. Nilikuwa nimelala, nikasikia kabati linagonga ukuta tak tak tak, taa inacheza, sekunde kama kumi hivi, likaisha. Nikatoka koridoni na kanga tu. Milango mitano ikafunguka kwa pamoja, Mvietinamu wa 309, kaka wa Uzbekistan wa 314, Mjerumani, Wajapani wawili wa mwaka wa kwanza, wote na nguo za kulalia, tukatazamana. Kwa mara ya kwanza korido nzima imesimama pamoja, na hakuna aliyerudi ndani haraka, tulikaa jikoni mpaka saa tisa mtu akachemsha chai.

Asubuhi mzee msimamizi akatueleza, la jana kwao sio kitu, 2018 mwezi wa sita ndo lilipiga kaskazini mwa Osaka hapa hapa, asubuhi watoto wakienda shule, na lilikuwa 6.1. Akatupitisha chumba kwa chumba kuangalia kama kuna kitu kizito juu ya kitanda. Changu kilikuwa na begi juu ya kabati, akalishusha mwenyewe. Nimeandaa mkoba wa dharura karibu na mlango: maji, tochi, nakala ya pasipoti, biskuti, kanga mbili, na namba 119 ya zimamoto na gari la wagonjwa, 110 ya polisi.

Siku ya 47

Pilau.

Nimeanza saa nane mchana. Vitunguu kilo moja na nusu nimekaanga mpaka vikawa rangi ya kahawia ya kweli, IH haina haraka kwa hiyo nimesimama dakika arobaini nageuza, na hapo hapo ndo harufu ikatoka jikoni ikaenda kwenye ngazi. Bizari nzima, pilipili manga, mdalasini na iliki za mama nilizosaga kwenye kinu cha yen 110. Mchele nimeuloweka, supu ya nyama nimeipima kwa kidole kama alivyonifundisha, kiungo cha kwanza cha kidole juu ya mchele. Jiko la mkaa wa juu sina, nimefunika kwa foili na taulo juu ya mfuniko. Watu walikuwa wanakuja kufungua friji bila kuchukua kitu.

Nimepakua sahani nane. Sikutaka waje tu kula pale mezani, nimezipeleka milangoni kama nyumbani, nimezifunika na kitambaa, na ya tisa nikaishusha kwa mzee msimamizi. Nimeandika karatasi ndogo, hakuna nguruwe wala pombe, kuna ng'ombe, chuta akaniandikia Kijapani chini yake. Wajapani wa mwaka wa kwanza walipokea kwa mikono miwili wameinama mpaka nikaona aibu. Kaka wa Uzbekistan akafunua kitambaa mlangoni pale pale akasema kwao nako iko, inaitwa plov, akaanza kunieleza karoti zinakatwaje na akasahau kula.

Siku ya 48

Sahani zote zimerudi. Zimeoshwa, zinang'aa, zimefutwa na kupangwa nje ya mlango wangu, mbili zina vikaratasi vya asante. Tupu.

Nilizihesabu mara mbili. Najua hawajui, na najua wamenionyesha adabu ya hali ya juu kwa kuziosha vile. Bado nilikaa kitandani na zile sahani mapajani. Chuta nilipomwambia hakucheka, akasema bibi yake kijijini alikuwa hivyo hivyo, chombo cha jirani kilikuwa hakirudi bila kitu, hata kiberiti aliweka, ila kwa vijana wa mabweni imepotea. Akaniambia subiri dada, huku shukrani mara nyingi inakuja siku nyingine, ikija siku hiyo hiyo inaonekana kama unalipa deni.

Siku ya 53

Nimerudi darasani nimekuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Ndani kuna makaki manne, yale matunda ya rangi ya chungwa kama nyanya kubwa, mawili bado na kijiti na jani. Hakuna jina. Ila yamefungwa kwa kamba ile ile nyeupe mzee msimamizi anayofungia magazeti ya kuchukuliwa, fundo lile lile. Nimeshuka, nimeinama, nimesema asante kwa Kijapani changu, akanionyesha kwa mkono kwamba mti uko kwake nyumbani, mrefu hivi.

Siku ya 58

Baridi imeingia kweli, leo danbo nimeiwasha makusudi.

Saa moja usiku mlango umegongwa. Kugongwa hasa, kwa vidole. Dada wa 309 amesimama na bakuli langu la bluu, ambalo halikurudi pamoja na zile sahani na nilikuwa nimeshaamini limevunjika na ameona haya kusema, amelishika na kitambaa maana lina moto. Pho, supu ya tambi ya kwao. Mvuke unapanda, majani ya kijani juu. Na mkono wa pili ameshika kitu amekikunja, akanipa, nikadhani ni tishu. Ni karatasi ya plastiki ya pakiti ya kuku, ameiosha, ameikausha, ili nione ile alama ya halali kwa macho yangu. Alikwenda mpaka Kobe. Akaniambia kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga kwamba ametumia sufuria mpya, na akasema namba ya rafu aliyoiweka, nichukue wakati wowote.

Nikamwambia ingia. Akavua ndala akaingia, akakaa kwenye kiti, mimi kitandani, bakuli moja vijiko viwili.

Yaliyobaki: blanketi la pili, bima ya baiskeli (Osaka ni lazima), na kununua viti, kiti kimoja hakitoshi.